Viungo vya Kifaru, Kazi ya Shamba

Ukitaja Mpango wa Karanga wa Tanganyika, watu hucheka kabla hujamaliza. Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umevunjwa na pauni zipatazo milioni 36 zimepotea. Kicheko ni haki yao waliopanga. Mafundi wa karakana ya Kongwa siwacheki.

Viwanda havikuwa na matrekta mapya ya kuuza, basi yakanunuliwa mabaki ya jeshi. Buldoza nyingi zilitoka Ufilipino, ambako Wamarekani waliziacha vita vilipokwisha. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo ikachukua vifaru vya Sherman, ikaondoa turreti na mzinga, ikaunda trekta lililoitwa Shervick, yaani Sherman na Vickers katika jina moja. Anayedhani kazi hiyo ni kukata chuma tu hajawahi kuutazama mnyororo wa mashine kwa karibu.

Mnyororo wa kifaru na wa katapila hufanana kwa mbali, lakini kila mmoja una akili yake. Pini za Sherman zimevikwa mpira ndani ya kiungo. Chuma hakisuguani na chuma, na mchanga hauna pa kuingilia. Viungo hushikwa pembeni kwa vishikizo vyenye kabari na bolti, ili askari watano waweze kuufungua mnyororo porini kwa spana na jeki, huku adui yuko karibu. Hata sproketi, gurudumu la meno linalouvuta mnyororo, imefikiriwa: meno yake 13 yako kwenye pete iliyofungwa kwa bolti. Upande mmoja wa jino ukilika, pete huhamishiwa upande wa pili wa mashine, na jino likaanza kazi kwa uso mpya.

Katapila hana haraka hiyo. Pini ya katapila wa siku hizo huzunguka ndani ya bushi ya chuma, kavu, na huliwa polepole upande mmoja tu, ule unaovutwa. Kila kiungo kikilegea kwa unene wa ukucha, mnyororo mzima hurefuka na kuanza kupanda juu ya meno ya sproketi. Fundi mzuri hangoji hapo. Hulaza futi ya chuma juu ya viungo kadhaa vilivyokazwa, hupima kutoka pini hadi pini, kisha huamua: bado, au sasa. Ikiwa ni sasa, mnyororo huwekwa kwenye mashine ya kukandamiza, pini na bushi hutolewa moja moja, hugeuzwa nusu duara na kurudishwa. Upande uliokuwa mzima ndio sasa unaobeba mzigo. Ukichelewa, bushi hutoboka na hakuna cha kugeuza. Ukiwahi mno, umetupa saa za kazi ambazo chuma bado kilikuwa nazo. Uamuzi huo ndio ufundi wenyewe. Kuchomoa pini ni nguvu tu.

Sasa uchukue ufundi huo uupeleke Ugogo, iliko Kongwa. Udongo wa Kongwa una chembe za kwatzi zinazosaga chuma cha jembe, na kiangazi huufanya mgumu kama saruji. Visiki vya miti husukuma mnyororo kwa ubavu, jambo ambalo mpira wa kifaru haukutengenezewa. Vipuri vilikuwa haba, na mashine nyingi zilifika zikiwa zimechoka tayari. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizofyekwa hazikufika 10,000. Kwa mashine za namna hiyo, mimi naona hata hizo ni nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Vickers walitoa trekta lao wenyewe, Vigor, lenye injini ya Rolls-Royce. Magurudumu yake bado yalining'inia kwenye springi, kwa desturi ya vifaru.