Je, Rege Ni Muziki wa Wahuni?

Jioni moja, wakati wa mazoezi ya kwaya hapa Nguba, kijana mmoja alishika gitaa akajaribu kuupiga wimbo wa matoleo kwa mapigo ya rege. Kabla hajafika ubeti wa pili, mzee mmoja alisimama akamwambia: "Mwanangu, weka chini chombo hicho. Muziki wa bangi hauingii katika nyumba ya Mungu." Kijana akajibu kwa adabu: "Nisamehe, mzee. Nilidhani wimbo ni ule ule." Akaliegemeza gitaa ukutani, akatoka. Jumapili iliyofuata hatukumwona. Sisi tuliokuwapo tulinyamaza, na wengine wetu tuliitikia hata kwa kichwa.

Tangu siku hiyo dhamiri haitupi raha. Maana tulihukumu kitu tusichokichunguza, hali tumekisikia tangu ujana wetu. Basi, wasomaji wapenzi, yafaa leo tukipime sawasawa, tupepete ngano na makapi.

Sisi watu wa Nguba wengi tulianza kuisikia rege kwa njia ya kaseti, karibu na mwaka 1980. Siku zile redio zilijaa rumba ya Kinshasa, nyimbo za Franco na za Tabu Ley, nayo rege ilikuwa mgeni asiye na jamaa mjini. Kaseti moja ilinakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena, hata sauti ya mwimbaji ikawa kama inatoka chini ya maji ya ziwa. Kiingereza hatukukijua. Tulichokijua ni picha ya Bob Marley iliyobandikwa katika vibanda vya vinyozi: nywele ndefu zilizosokotana, na moshi. Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981, naye alikuwa na umri wa miaka 36 tu. Picha yake ikabaki. Hapo ndipo lilipoanza kosa letu. Muziki tuliusikiliza kwa macho.

Kumbe laiti tungaliuliza muziki huu ulilelewa wapi, tungalistaajabu. Katika mji wa Kingston, nchini Jamaika, iko shule iitwayo Alpha, iliyoanzishwa mwaka 1880 kwa ajili ya watoto yatima na maskini. Mwaka 1890 Masista wa Huruma wakaja kufanya kazi huko. Wavulana walifundishwa ufundi wa mikono, na wengine wakafundishwa kupiga tarumbeta, tromboni na saksofoni katika bendi ya shule, kwa kusoma nota na kwa nidhamu kali. Miongoni mwa masista hao alikuwapo Sista Mary Ignatius Davies, aliyewahudumia wavulana hao kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 2003. Alipenda muziki mno. Alikusanya santuri nyingi, za muziki mtakatifu na za jazi na za kucheza, akawapigia wavulana ili masikio yao yajifunze.

Mwaka 1964 wapigaji hodari wa Kingston waliungana katika bendi iitwayo The Skatalites. Wanne katika waanzilishi wake walikuwa watoto wa Alpha: Tommy McCook, Don Drummond, Johnny Moore na Lester Sterling. Mapigo yao ya mbio yaliitwa ska. Karibu na mwaka 1966 mapigo hayo yalipunguza mwendo, yakaitwa rocksteady. Na mwaka 1968 kundi la Toots and the Maytals lilitoa wimbo uliolitaja jina jipya, nalo ndilo rege. Kwa hiyo, tuliposema kwamba muziki huu hauna haki hata ya kukanyaga kizingiti cha misioni, tulisahau kwamba ulijifunza kutembea ndani ya ua wa misioni.

Tena sikilizeni jambo hili. Wimbo wa kwanza uliompatia Marley na wenzake sifa kubwa ulikuwa "Simmer Down", nao Skatalites ndio waliowapigia vyombo. Wimbo huo unawaonya nani? Unawaonya vijana wahuni wa mitaa ya Kingston watulize hasira, waache ugomvi. Muziki tunaouita wa wahuni ulianza kujulikana kwa kuwakanya wahuni.

Sasa tuupime muziki wenyewe. Hesabuni moja, mbili, tatu, nne. Bendi nyingi huweka uzito kwenye moja. Rege, katika pigo lake lililo maarufu kupita yote, huiacha moja tupu. Ngoma kubwa hushuka kwenye tatu, na gitaa hukata kwa ufupi kwenye mbili na nne. Gitaa la besi, ambalo katika nyimbo nyingi hufichwa nyuma, huja mbele na kusema kama mzee barazani: maneno machache, yenye uzito. Katikati hubaki nafasi, na katika nafasi hiyo neno la mwimbaji husikika wazi. Ndiyo maana wimbo wa rege wafaa kwa kuomboleza, kwa kuonya na kwa kusali. Kijana wetu alilisikia jambo hilo kwa sikio lake kabla sisi hatujalifahamu.

Hata hivyo hatutaki kusifu bila kipimo. Don Drummond, aliyekuwa bingwa wa tromboni, alimwua mwanamke aliyekuwa mpenzi wake mwanzoni mwa mwaka 1965, akafa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1969. Shule njema haimwokoi kila mtu, wala kipaji si utakatifu. Warasta wengi walimfanya Kaisari Haile Selassie kuwa Mungu. Hilo Mkristu hawezi kulikubali, na Kaisari mwenyewe alikuwa Mkristu wa Kanisa la Ethiopia. Bangi nayo tumeona jinsi ilivyowapoteza vijana katika mitaa yetu. Tena nyimbo nyingi za siku hizi hurudia mapigo yale yale kwa uvivu, bila neno la maana. Hayo ni makapi, na makapi yatupwe.

Lakini liko jambo jingine linalotugusa sisi wa nchi za maziwa. Ngoma za ibada za Warasta, zilizoingia katika muziki wa santuri mwaka 1960 kwa mikono ya Count Ossie na wenzake, huitwa Nyabinghi. Jina hilo limetoka jirani kwetu. Nyabingi ni pepo wa kike aliyeheshimiwa na watu wa Ndorwa, kaskazini mwa Rwanda na upande wa Kigezi katika Uganda. Kwa jina lake Muhumusa aliwapinga Wazungu, hata Waingereza wakamkamata mwaka 1911. Mwaka 1935 gazeti moja la Jamaika lilichapisha hadithi ya uongo iliyochanganya jina hilo na habari za Kaisari wa Ethiopia. Warasta wakalipokea, wakalifanya lao. Hivyo neno la milima yetu lilivuka bahari kubwa, likarudi kwetu katika kaseti, nasi hatukulitambua.

Ukumbusho mmoja umebaki, nao ndio ulio mzito. Mwezi wa Julai 1994, watu waliokimbia kutoka Rwanda walivuka Ruzizi kwa maelfu, wakapita hapa Nguba na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Wengine walilala kando ya barabara, wengine katika nyua zetu. Usiku mmoja, katika ua mmoja, mtu alipiga kaseti ya "Rivers of Babylon". Wimbo huo wengi tuliujua kwa Boney M., waliourudia mwaka 1978 ukachezwa katika kila arusi. Ule wa usiku huo ulikuwa wa kwanza, wa The Melodians, wa mwaka 1970: polepole, sauti tatu za wanaume, bila mapambo. Maneno yake yametoka katika Zaburi ya 137, ambayo wazee huihesabu ya 136, zaburi ya watu waliochukuliwa mbali na kwao, wakaambiwa waimbe nao wakalia. Boney M. waliifanya kuwa furaha ya kucheza. Melodians waliiacha iwe zaburi. Usiku ule hakuna aliyecheza. Mama mmoja aliyeketi juu ya mzigo wake alianza kuitikia kwa lugha yake. Hatujapata kuona hakimu mkubwa wa muziki kuliko mama yule.

Basi tuseme nini? Hatusemi kila wimbo wa rege uingizwe katika Misa. Wimbo wa altare una sheria zake: maneno yawe ya imani, na watu wote waweze kusali nao. Lakini kumbukeni kwamba ngoma zetu nazo ziliitwa za kipagani, zikaachwa nje ya mlango. Leo zinalia mbele ya altare, na mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misa kwa taratibu za Zaire. Waliotuamulia haraka walikosea. Je, sisi tutawarithi kosa lao?

Gitaa lile bado limeegemea ukuta wa chumba cha kwaya, na nyuzi mbili zimelegea. Tumepatana na yule mzee, naye amekubali, kwamba Jumamosi hii twende pamoja nyumbani kwa kijana. Tutamwomba msamaha kwanza. Kisha tutamwomba atupigie wimbo ule tena, tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho, nasi tutasikiliza.