Pongezi kwa Somo la Algoriti

Mwaka 1974, baada ya kompyuta za Hazina kuvuruga hesabu, serikali ya Mwalimu Nyerere ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini Tanzania. Leo Butiama, alikozaliwa, kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake. Wengine huona kejeli hapo. Mimi naona mwendelezo. Mashine isiyo na wenyeji wanaoielewa ni mzigo, na uelewa huo ndio shahada ya sayansi ya kompyuta inaoujenga kupitia miundo ya data, hifadhidata, mifumo endeshi na, juu ya yote, algoriti, yaani mbinu za hatua kwa hatua za kutatua tatizo.

Wapo wanaodai shahada hiyo ni miaka inayopotea: mwajiri anataka programu ya simu, na video za bure zinafundisha kuiunda. Kwa sehemu ni kweli, na vyuo vinavyotahini uandishi wa programu kwa kalamu na karatasi vinastahili lawama. Lakini chukua lori la samaki la Musoma. Njia fupi zaidi kutoka hapo hadi Bunda hupatikana upesi kwa mbinu aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. Lipe sasa vituo 50 vya kuzungukia: mipangilio inakuwa mingi mno, hakuna kompyuta itakayoijaribu yote mmoja mmoja. Maswali yanafanana, ugumu ni tofauti kabisa. Aliyesoma algoriti hutambua tofauti hiyo kabla hajamwahidi mteja, kisha hutafuta jibu la kuridhisha badala ya lililo kamili.