Mkono wa Mwisho

Kabla ya kuwa karatasi, msasa ulikuwa mti. Majani yake yana ukavu wenye meno, na maseremala wa zamani waliyachuma wakasugulia mbao mpaka zikateleza. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi ya dukani, na kutoka hapo likatufikia sisi waandishi: mhariri akikurudishia makala anakwambia nenda ukaipige msasa. Nimelitumia neno hilo miaka mingi nikiwa nimekaa kitini, mikono mikavu. Maana yake kamili niliiona Tabaka, kwenye ua wa nyumba, mbele ya karai la maji.

Tabaka iko Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Chini ya mahindi na migomba yake umelala mwamba ambao Wakenya wengi huuita tu jiwe la Kisii. Ni jiwe laini, ndiyo maana linateleza mkononi kama kipande cha sabuni na kukubali kuchongwa kwa kisu. Wachimbaji na wachongaji wengi ni wanaume. Huko ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imefika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Sifa za wachongaji zimesemwa, na wanazistahili. Leo namsifu mama anayekipokea kitu mchongaji akishaweka kisu chini.

Kiboko cha jiwe kinapotoka kwa mchongaji huwa na rangi ya vumbi na mwili wa makovu. Mama hukizamisha kwenye karai. Maji hulaza vumbi lisimwingie kifuani, na hutoa siri ya jiwe, kwa kuwa jiwe kavu huficha rangi zake. Likilowa ndipo uwaridi, ukijivu na michirizi ya kahawia hujitokeza. Huanza na msasa mkali, unaofuta alama za kisu. Hufuata wa wastani, unaofuta alama za ule mkali. Ule laini huja mwisho, kufuta alama za wa wastani. Ukiruka hatua, jiwe litanyamaza likiwa majini, kisha likikauka juani litakuumbua kwa mikwaruzo. Ukisugua kupita kiasi, sikio la tembo litakwisha mkononi mwako. Likishakauka hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa. Vyombo vingine hupakwa rangi kwanza, kisha mama huchukua ncha ya chuma akakwaruza maua na twiga mpaka weupe wa jiwe uchungulie.

Mnunuzi wa Nairobi au wa Uingereza akilishika bakuli la jiwe hili na kusema, "Laini namna hii!", anachokisifu ni mkono wa mwisho. Kama kuna jina lililochorwa kitakoni, mara nyingi ni la mchongaji.

Nilipomtazama mama mmoja wa Tabaka akisugua, kilichonishangaza ni kwamba hakuwa akiliangalia jiwe. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vikiona. Macho yalikuwa kwa mtoto aliyelala mkekani, kwa kuku waliokuwa wakinyemelea mahindi yaliyoanikwa, kwa sufuria ya maharagwe, na kwa wingu. Maharagwe yalipofurika aliliacha jiwe majini, akaenda, akarudi, akaendelea palepale alipoachia. Jiwe halikumlaumu.

Hapo nikajua kwa nini kazi hii inafanywa nyumbani na kwa nini inafanywa na akina mama. Ni kazi inayokatika bila kuharibika. Mwanamke wa Kisii na wa kaunti jirani ya Nyamira ana kazi nne au tano, na watu huziita vibarua, kana kwamba ameziokota njiani. Mimi naona amezichagua kwa kipimo kimoja: kipi kinasubiri na kipi hakisubiri. Kuzipanga kwa kipimo hicho ni ufundi, tena mgumu kuliko kuchonga.

Chai haisubiri. Pandeni Nyamira, upande wa Kebirigo au Nyansiongo, asubuhi umande ungalipo, muwaone wanawake na vikapu mgongoni wakichuma majani mawili na chipukizi. Jani likishakatwa huanza kunyauka, na likishindiliwa kikapuni hupata joto na kuharibika; lazima lipimwe kwenye kituo cha kununulia na kufika kiwandani siku hiyohiyo. Ng'ombe naye hasubiri: maziwa ni alfajiri na jioni. Mtoto hasubiri hata kidogo. Lakini jiwe linasubiri. Cherehani inasubiri. Ekee, kile kikapu kinachosukwa kwa mabua ya wimbi na kuandaliwa obokima, yaani ugali, kinaweza kulala wiki nzima kikiwa nusu, na msukaji akirudi akakuta kila bua mahali pake. Ndizi iliyokomaa inasubiri kidogo, mpaka siku ya soko la Keroka, mji ulioketi mpakani mwa kaunti hizo mbili.

Kwa hiyo asubuhi ni ya visivyosubiri. Saa za jua kali ni za jiwe, maana katika milima hii mvua hupenda kuja alasiri na jiwe linataka likauke kabla yake. Mvua ikishika, kazi huingia ndani: kushona, kusuka nywele za mteja, kuchambua mboga ya chinsaga ya jioni. Usiku, mtoto akilala, mabua hutolewa. Hakuna ratiba iliyoandikwa ukutani, na hakuna shule iliyomfundisha.

Wala msidhani kazi hizi nyingi ni tamaa ya fedha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika kaunti mbili zenye eneo dogo. Shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu, mpaka mgao mwingine hautoshi kulisha nyumba moja. Ardhi ikiwa finyu, saa ndizo hulimwa.

Zamani mama alikuwa na msaidizi. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Robert na Barbara LeVine, waliishi miongoni mwa Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, wakaandika jinsi mama alivyokwenda shambani akimwachia mtoto mchanga omoreri, yaani mlezi, ambaye mara nyingi alikuwa dada mdogo tu. Shamba nalo lililimwa kwa egesangio, kikundi cha majirani waliolimiana kwa zamu. Tangu 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo, omoreri ameketi darasani, na hapo ndipo mahali pake. Ila pengo aliloliacha nyumbani hakuna mwingine aliyelijaza. Mama mwenyewe amelijaza kwa kuleta kazi karibu na mkeka wa mtoto. Egesangio nayo haijafa: imevaa jina la chama, na badala ya majembe hupokezana fedha, ambazo humlipia huyu karo na kumnunulia yule cherehani.

Hata hivyo naziogopa sifa za aina fulani. Tunapenda kumwita mama shujaa asiyelala, tukampigia makofi, kisha tukaenda kulala. Sifa kama hizo ni kamba: zinamfunga asiombe kupokewa mzigo. Vidole vinavyosugua jiwe majini kutwa hupasuka. Kiuno kinachoinamia karai huuma. Na baba aliyeketi pembeni akingoja chakula ana mikono miwili mizima.

Isitoshe, kuna suala la jina. Mkulima mdogo wa chai chini ya KTDA, wakala wa maendeleo ya chai Kenya, hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha mara moja kwa mwaka hupata bonasi. Malipo huifuata nambari ya mkulima, na nambari hufuata shamba, na shamba katika nyumba nyingi liko kwa jina la mume. Basi aliyechuma mwaka mzima husikia habari ya bonasi kama mtu anayesikiliza matokeo ya mpira redioni. Chai na jiwe vimefanana hapo: mkono wa mama umo, jina lake halimo.

Nimerudi kwenye meza yangu na makala zangu za kupigwa msasa, nikiwa na adabu mpya. Nimejifunza kufuta alama za jana kabla ya kung'arisha za leo, na kuyaacha maneno yakauke juani kabla ya kujisifu. Lakini ada ya mwalimu haijalipwa, na hailipwi kwa makala.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Vikundi vya wachongaji wa Tabaka, chini ya kila bakuli chongeni majina mawili, la aliyelichonga na la aliyelisugua, na bei igawanywe kwa kufuata majina hayo. Nanyi waume wa Nyamira na Kisii, kabla bonasi nyingine haijalipwa, nendeni kiwandani pamoja na wake zenu mkaulize namna ya kuandikisha nambari kwa majina ya wote wawili.