Farasi wa Lorenzo, nyangumi wa Msimbati

Fungua Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1969, uende sehemu ya mwisho. Lorenzo anamwambia Jessica kwamba hata farasi wachanga wakorofi wakisikia tarumbeta hutulia tuli. Mtu asiyeguswa na muziki, basi, si wa kuaminiwa.

Maneno matamu, lakini yanamlenga nani? Shylock, baba yake Jessica, ndiye aliyemwagiza binti afunge madirisha ngoma na zumari zikipita. Ndiye pia wanayemwita mbwa. Yaani farasi anapandishwa cheo ili Myahudi ashushwe, na msemaji ndiye aliyetoroka na binti yake pamoja na pesa!

Mimi namwelewa zaidi Portia, anayeingia baadaye kidogo: kwake, uzuri wa sauti ya ndege hutegemea wakati na msikilizaji. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wa nundu hupita bahari ya Msimbati, na madume wao ni waimbaji. Roger Payne na Scott McVay walieleza mpangilio wa nyimbo hizo katika jarida la Science mwaka 1971. Kabla ya hapo zilikuwa zikiimbwa vilevile.