Nyimbo za Mwimbaji Asiyevuta Pumzi: Zipi Zawafaa Watoto wa Shule?

Huko Japani yuko mwimbaji apendwaye sana na watoto, jina lake Hatsune Miku, maana yake sauti ya kwanza ya wakati ujao. Huyu si mtu. Ni sauti iliyomo ndani ya kompyuta, na sura yake ni picha ya msichana wa miaka 16 mwenye nywele ndefu zilizofungwa mafungu mawili. Kampuni ya Yamaha ndiyo iliyobuni ufundi huo, uitwao Vocaloid, na kampuni ya Crypton Future Media ya mji wa Sapporo ikamtoa Miku tarehe 31 Agosti 2007. Tangu hapo watunzi wengi mno wamemtungia nyimbo, na watoto wa shule za msingi huziimba na kuzicheza.

Wako wazee wasemao kwamba nyimbo hizi zote ni takataka, kwa kuwa mashine haina moyo. Wako na wengine wawaachao watoto wasikilize zozote zile. Mimi naona njia zote mbili zimekosa, maana zote mbili hukataa kazi ya kupima.

Kwanza tuwajibu wale wazee. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Sauti ya Miku ilitoka kinywani mwa mtu, mwigizaji Saki Fujita, ikanaswa vipande vipande. Mtunzi huandika sauti za muziki na maneno, na kompyuta huviunganisha vile vipande hata vikawa wimbo. Basi moyo wa wimbo ni wa yule aliyeutunga. Akitunga jema, ni jema. Akitunga la kipuuzi, ni la kipuuzi. Kwa hiyo na tuzipime nyimbo hizi kwa mizani tuitumiayo kwa nyimbo zote za watoto: Je, mtoto aweza kuuimba kwa pumzi zake? Je, ayaelewa maneno yake? Na jambo lisemwalo, je, lamfaa?

Katika pumzi ndipo penye hatari ya kwanza. Mashine haivuti pumzi, mtoto huvuta. Waliomtoa Miku wenyewe waliandika kwamba sauti yake hufaa zaidi katika mwendo wa mapigo 70 mpaka 150 kwa dakika. Lakini mtunzi aitwaye cosMo alitunga wimbo juu ya kutoweka kwake Miku, wenye mwendo wa mapigo 240, maneno yakimwagika kama mtama kutoka gunia lililopasuka. Kwa msikilizaji ni kazi yenye nguvu, maana huonyesha sauti ikihangaika kusema yote kabla haijazimika. Lakini darasani haufai. Mtoto ajaribuye kuuimba hujifunza kumeza maneno, na mwalimu wa kwaya ajua jinsi ilivyo taabu kuiondoa desturi hiyo baadaye.

Kwa watoto wa madarasa ya chini nausifu wimbo PoPiPo, alioutunga Lamaze-P mwaka 2008. Habari yake ni maji ya mboga tu: ya kwamba ni matamu, na watu wote wayanywe. Wengine huucheka, lakini watazame ulivyofanywa. Silabi chache hurudiwarudiwa kama katika michezo ya watoto uwanjani, na kwa kuwa silabi za Kijapani aghalabu huishia kwa irabu, kama zetu za Kiswahili, mtoto hapati kigugumizi. Hauna fundisho kubwa, wala haujidai kuwa nalo. Huleta furaha, na furaha safi si kitu kidogo kwa mtoto wa miaka saba.

Wimbo wa pili ni Senbonzakura, yaani Miti Elfu ya Micheri, wa Kurousa-P, uliotolewa mwaka 2011. Mwendo wake ni mapigo 154, tena sauti zake zina ladha ya muziki wa kale wa Japani. Mwaka 2015 mwimbaji mkongwe Sachiko Kobayashi aliuimba katika tamasha kuu la mwisho wa mwaka, na mwaka 2016 ulitiwa katika mchezo wa kabuki. Basi huu ni wimbo ambao bibi na mjukuu waweza kukutana ndani yake, na nyimbo za namna hii ni chache. Lakini maneno yake ni magumu, picha juu ya picha, na mna hata jukwaa la kukatia watu vichwa. Kwa hiyo wadogo na waupige kwa vyombo tu. Maneno yangoje madarasa ya juu, penye mwalimu wa kuyafafanua.

Ulio mgumu kupima kuliko yote ni Aku no Meshitsukai, yaani Mtumishi wa Uovu, wa mtunzi mothy, uliotolewa mwaka 2008. Huimbwa kwa sauti ya Kagamine Len. Malkia mdogo ni mkatili, na mtumishi wake ni ndugu yake pacha. Watu wanapoasi, ndugu huvaa nguo za dada yake na kufa mahali pake. Watoto hulia waisikiapo hadithi hii, nao husema: tazama upendo! Lakini mtumishi huyo huyo alikwisha kumwua msichana asiye na hatia kwa amri ya malkia. Je, upendo utiio uovu ni upendo? Mtunzi hajibu. Mtoto wa miaka sita asipewe. Wa miaka 11 au 12 na apewe, lakini aulizwe swali hilo, asiachwe na machozi peke yake.

Tena liko jambo moja la kutazamwa. Kenshi Yonezu alipokuwa akijiita Hachi aliitungia mashine nyimbo za haraka na za ajabu, kama Matryoshka ya mwaka 2010. Mwaka 2018 akatunga Paprika kwa ajili ya watoto watano wa kikundi cha Foorin, na mwaka 2019 ikapata tuzo kuu ya sahani za muziki ya Japani. Ni mtunzi yule yule. Lakini alipotungia koo za watoto alijua kwamba watavuta pumzi.

Mwisho, mwaka 2009 kampuni ya AHS ilitoa sauti iitwayo Kaai Yuki, iliyonaswa kwa mtoto halisi wa shule ya msingi. Na mwaka 2017 Yamaha ikatoa programu ya Vocaloid kwa ajili ya shule, ili wanafunzi watunge maneno na sauti zao wenyewe. Matumizi haya nayasifu kuliko yote. Mtoto mwenye haya, asiyethubutu kuimba mbele ya wenzake, husikia maneno yake yakiimbwa. Ila mwalimu asikome hapo. Mashine ikiisha kuimba, na darasa zima lisimame liuimbe wimbo ule kwa vinywa vyao. Wakiuweza, ni wimbo wa watoto. Wasipouweza, ungali wimbo wa mashine.