Mtoto Tumbo Linamuuma: Anayehisi Akae Wapi Katika Sentensi?

Asubuhi zahanatini, nesi anamuuliza mama mmoja shida ni nini. Mama, mtoto mgongoni, anajibu papo hapo: "Nesi, mtoto tumbo linamuuma tangu jana usiku." Nesi anaelewa, anaandika, anaomba mtoto ateremshwe apimwe.

Sentensi ya namna hiyo niliiandika kwenye insha nikiwa darasa la sita. Mwalimu aliikata kwa wino mwekundu, na juu yake akaandika: "Tumbo la mtoto linauma." Alinieleza kuwa sentensi yangu ilikuwa na viima viwili, na sentensi haiwezi kuwa na vichwa viwili. Nilinyamaza, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu. Lakini kazi ya kuhariri maandishi ya watu imenirudisha kwenye sentensi ile mara nyingi, na kila ninapoirudia naona mama wa zahanatini yuko sahihi. Isitoshe, yuko pamoja na wasemaji wa lugha nyingi duniani ambao hawajawahi kukutana naye.

Tuanze na kitenzi kisicho na ubishi: piga. "Juma amempiga mbwa." Juma ndiye mtendaji, ni binadamu, na habari inamhusu. Sababu zote tatu zinampeleka mwanzoni mwa sentensi, na lugha nyingi zitakubaliana hapo. Sasa chukua woga. "Juma anaogopa mbwa." "Mbwa anamtisha Juma." Tukio ni moja, lakini katika sentensi ya kwanza Juma ni kiima, na katika ya pili kiima ni mbwa. Kisa ni kwamba hapa hakuna mtendaji wa kweli. Juma hakuamua kuogopa. Mbwa naye huenda amelala kivulini, hana habari na mtu. Kiti cha kiima kinagombewa na wawili: anayehisi, ambaye nitamwita mhisi, na kile kinachoamsha hisia. Mhisi ana nguvu ya ubinadamu, maana watu hupenda kuanza maneno yao na watu. Kiamshi kina nguvu ya kuwa chanzo. Kwenye vitenzi vya hisia ndipo nguvu hizo mbili zinapogongana, na ndiyo maana mpangilio wa maneno hubadilika sana vinapotumika.

Mwaka 1988, wanaisimu Adriana Belletti na Luigi Rizzi waliugawa ugomvi huu katika makundi matatu kwa kutumia Kiitaliano. Kundi la kwanza ni la temere, "kuogopa", ambapo mhisi ni kiima. La pili ni la preoccupare, "kutia wasiwasi", ambapo mhisi ni yambwa. La tatu ni la piacere, "kupendeza", ambapo mhisi hupewa kihusishi chenye maana ya "kwa", na sentensi hupangwa kwa njia yoyote kati ya mbili: A Gianni piace la musica, "kwa Gianni unapendeza muziki", au La musica piace a Gianni. Hilo kundi la tatu ndilo la kuangalia kwa makini. Humo mhisi huketi mbele bila kuwa na alama ya kiima.

Kiswahili kina makundi hayo pia, ila chenyewe hupenda kutumia mnyambuliko. Tunasema chukia na chukiza, furahi na furahisha, shangaa na shangaza, penda na pendeza. Mzizi ni mmoja. Kiambishi ndicho kinachoamua nani awe kiima. "Nimeipenda kanga hii" inanianza mimi. "Kanga hii imenipendeza" inaanza kanga. Na Kiarabu, kilichotupa neno ajabu, kutokana na mzizi huohuo kina yuʿjibunī l-kitāb, "kinanipendeza kitabu". Mhisi ni kile -nī kilichoshikamana na kitenzi, na kitabu, ambacho ndicho kiima, kinakuja mwisho. Mhisi amekitangulia kiima bila hata kutoka ndani ya kitenzi.

Sasa twende Kihispania, ambako ndugu wa sentensi ya mama anasemwa kila siku: A Juan le duele la cabeza. Ipange neno kwa neno: "kwa Juan, -m-, -uma, kichwa." Yaani, Juan kichwa kinamuuma. Kile le kinachomrejelea Juan kinafanya kazi ileile ya -m- katika "linamuuma". Kitenzi hakimfuati Juan. Kinafuata kinachouma: miguu ikiuma, husemwa le duelen los pies, kitenzi kikiwa cha wingi, kama sisi tunavyosema "miguu inamuuma". Na hakuna anayesema "kichwa chake" katika sentensi ile, kwa sababu le imekwisha kuonyesha ni kichwa cha nani. Mambo matatu yanalingana kabisa kati ya lugha mbili zisizo na undugu.

Hapa msomaji makini atauliza: je, mhisi akitangulia, ndiyo kusema amekuwa kiima? Hapana. Swali hili ndilo lililowachanganya wengi, akiwemo mwalimu wangu. Mjerumani husema Mir ist kalt, "kwangu ni baridi". Mir iko mbele, lakini nafasi iliyo mbele ya kitenzi katika Kijerumani iko wazi kwa yeyote: inaweza kukaliwa na "leo", "nyumbani", au "kitabu". Kukaa pale si ushahidi wa ukiima. Katika Kiaislandi mambo ni tofauti. Mér leiðist, "kwangu kunachosha", inafanana na ya Kijerumani kwa sura. Lakini mwaka 1985 Annie Zaenen, Joan Maling na Höskuldur Thráinsson walionyesha kuwa mhisi huyo wa Kiaislandi hufaulu majaribio ya kiima. Kwa mfano, lugha hiyo ina kimilikishi sinn, chenye maana ya "-ake mwenyewe", ambacho kwa kawaida hurejelea kiima. Kimilikishi hicho humkubali mhisi japokuwa hana alama ya kiima. Sura ni moja, vyeo ni viwili.

Na huko Aislandi nako wino mwekundu haukukosekana. Kuna kitenzi cha kutamani ambacho kanuni ya shule hutaka mhisi wake awe na umbo la yambwa, mig langar. Watu wengi husema mér langar, wakimpa mhisi umbo la "kwangu" kama wahisi wengine wengi wa lugha hiyo. Tabia hiyo ilipewa jina la þágufallssýki, yaani ugonjwa wa "kwangu". Wasemaji walikuwa wakiisawazisha lugha yao, wakaambiwa wanaumwa.

Kiingereza kilichukua njia nyingine. Zamani kitenzi chake cha kupenda, lician, kilikuwa na maana ya kupendeza. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliielezea safari yake kwa mfano wa mfalme na mapeasi: "kwa mfalme yalipendeza mapeasi". Mfalme alitangulia akiwa na alama ya "kwa", na kitenzi kilikuwa cha wingi kwa ajili ya mapeasi. Kisha alama za nomino zikafifia, na mpangilio wa kiima kwanza, kitenzi, halafu yambwa ukashika mizizi. Mfalme aliyekuwa mbele akachukuliwa kuwa kiima. Kitenzi hakikuhama. Maana yake ndiyo iliyogeuka, kutoka "kupendeza" hadi "kupenda". Mhisi alikaa mbele kwa muda mrefu hadi sarufi ikamkabidhi kiti.

Tukirudi nyumbani, tuipime ile sentensi. "Mtoto tumbo linamuuma." Kiima ni kipi? Tazama kitenzi: li- ni ya tumbo. Yakiuma macho, itakuwa "yanamuuma". Kikiuma kichwa, "kinamuuma". Mtoto ni -m-, yambwa. Kwa hiyo kiima ni kimoja tu. Mtoto aliyetangulizwa ni mada: tunamtaja, sauti inatua kidogo, kisha tunasema lililompata. Mwalimu aliona nomino mbili mbele ya kitenzi akahesabu viima viwili. Viambishi vingemwambia vinginevyo.

Kiswahili hakikuishia hapo. Kina ngazi, na kila kidato chake husikika mitaani leo. "Tumbo linaniuma": mhisi ni yambwa. "Mimi tumbo linaniuma": mhisi ni yambwa, lakini ametangulizwa. "Naumwa na tumbo": kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa, mhisi sasa ni kiima. "Naumwa tumbo": na imeanguka. "Naumwa": tumbo nalo limeondoka, na neno limekuwa na maana ya kuwa mgonjwa. Linganisha na nyoka. Aliyegongwa na nyoka "ameumwa na nyoka", na hapo hatuangushi na, kwa sababu nyoka ni mtendaji mwenye meno. Tumbo halina meno. Sarufi yetu inajua tofauti hiyo, hata kama hatujaiandika katika vitabu vya shule.

Vitenzi vya milango ya fahamu vina siri yao. Ona na sikia humweka mhisi kwenye kiima bila ubishi, na hata hubeba hisia za mwilini: naona baridi, nasikia njaa, naona haya. Lakini vikivaa -ika au -ekana, mambo hugeuka. "Kutoka msikitini ilisikika sauti ya mwadhini." "Kijijini kumeonekana simba." Kitenzi kimetangulia, kilichosikika au kuonekana kimekuja nyuma kama habari mpya, na mhisi ametoweka kabisa. Huwezi hata kumrudisha kwa kiambishi: hatusemi "ilinisikika sauti". Ndiyo maana mwandishi wa habari huandika "ilisikika milio ya risasi", na shahidi mahakamani akasema "nilisikia milio ya risasi". Wa kwanza anaeleza tukio. Wa pili anaweka masikio yake rehani.

Kwa wahariri na walimu wenzangu, nina ombi moja. Mkikutana na nomino mbili mbele ya kitenzi cha hisia, msikimbilie kalamu. Someni viambishi kwanza. Kama kiima kimepatana na nomino moja na yambwa imepatana na nyingine, sentensi imekamilika, na aliyetangulia ametangulia kwa sababu.

Turudi pale zahanatini. Nesi ameshampapasa mtoto. Anamgeukia mama, anasema: "Tumbo la mtoto limejaa gesi." Yeye ametumia muundo ule ule wa mwalimu wangu, na hajakosea, maana anaeleza tumbo alilolishika kwa mkono wake. Mama alikuwa akieleza jambo lisiloshikika kwa mkono, maumivu ya mwanawe. Akamtaja mwenye maumivu kwanza, kisha tumbo.