Mkono Unaoshona Vizuri

Ukitaka kumtambua mshona majeraha hodari, usihesabu dakika zake. Tazama ncha ya sindano. Hapa Bwera, wilayani Kasese, Uganda, karibu na mpaka wa Mpondwe, tunashona kwa vidole vyetu, na ncha hiyo husema yote.

Miaka ya 1920 huko Moscow, mtafiti wa miondoko Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wakigonga patasi. Bega na kiwiko vilipita njia tofauti kila pigo, lakini kichwa cha nyundo kilitua palepale. Ndivyo ilivyo hata kwenye kushona: mwanagenzi hukaza kiwiko ili asitetereke, fundi hukiachia kijirekebishe chenyewe.

Mpe mwanafunzi ganda la ndizi alishone badala ya ngozi. Sindano ya upasuaji imepinda kama mwezi mchanga; iingie wima, kisha kifundo cha mkono kizunguke, nayo ifuate mpindo wake. Anayeisukuma kwa nguvu hulichana ganda, na pembeni ya tundu utaona ufa mwembamba. Kwangu ufa huo ni kosa kubwa kuliko mshono uliokwenda upande. Chunguza na kibano: meno yake yakiacha alama kwenye ganda, kwenye mwili yangeponda nyama. Kingo za jeraha zikutane bila kupandana. Ngozi ikipauka chini ya uzi, fundo limebana mno na damu haipiti.

Kisha tazama ukimya wa mikono. Kipimo cha ustadi wa upasuaji kilichotoka Toronto mwaka 1997 hutoa alama kwa kuuheshimu mwili na kwa kutopoteza miondoko. Anayeshika sindano, akaiacha, akaishika tena, hajapanga mshono unaofuata.

Roboti ya upasuaji ya da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, huchuja tetemeko la mkono, lile la mara 8 hadi 12 kwa sekunde ambalo kila binadamu analo. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 haikumrudishia daktari hisia ya mguso. Ilibidi ajifunze kusoma mvuto kwa macho: uzi unavyonyooka, nyama inavyobadilika rangi. Jicho hilo linafundishika hapa Kasese bila roboti yoyote, na ndilo ninalolitafuta kwanza.

Fundo la mwisho likifungwa, siangalii mikono tena, naangalia ganda. Likiwa halijakunjamana, namwambia mwanafunzi alete ndizi nyingine, iliyoiva zaidi.